Beseni Kabla ya Mahubiri: Mwongozo Kamili wa Kumtunza Mgonjwa wa Kitandani kwa Zamu za Kanisa

Mambo ni yale yale, iwe Manyatta ya Kisumu, Kaptembwo ya Nakuru au Mbale ya Vihiga. Mama amepigwa na kiharusi, hospitali imemruhusu arudi nyumbani. Wiki ya kwanza waumini thelathini wanajaa sebuleni: nyimbo, maombi, mikate, sukari. Wiki ya tatu amebaki na binti yake wa kidato cha tatu peke yake, na juu ya makalio pana kidonda kipana kama kifuniko cha soda.

Waliokuja walimpenda. Ila hakuna aliyewaambia mikono yao ifanye nini saa moja asubuhi, siku ambayo hakuna anayewatazama. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 3 mstari wa 18, unataka upendo wa tendo na kweli. Hapa tunashughulika na tendo.

Mwongozo huu ni wa jumuiya ndogo, ushirika wa nyumbani au kikundi chochote cha watu 12. Mkiwa chini ya wanane, tafuteni kanisa jirani mshirikiane, hata kama si dhehebu lenu. Mgonjwa hatauliza.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Msianze zamu kabla hivi havijafika nyumbani. Vingi mtavipata soko la Kibuye, Kisumu, au soko lolote la mitumba, na vingine vimelala tu kwenye makabati ya washiriki.

- Shuka 6 za pamba na leso 4 nzito
- Nailoni nzito ya kufunikia meza, vipande 2 vya mita moja na nusu
- Mito 4, au magunia safi yaliyojazwa vitambaa laini
- Beseni 2 za rangi tofauti: moja ya mwili, moja ya sehemu za siri
- Taulo ndogo 6, taulo kubwa 2
- Sabuni isiyo kali, mafuta ya kujipaka, mswaki laini
- Glavu za mpira, boksi la 100 (kwa jozi nne kwa siku, litaisha baada ya siku 12 hivi)
- Jik (dawa ya klorini ya kuua vijidudu), ndoo yenye kifuniko, na mitungi 3 ya maji ya lita 20
- Chandarua kilichotiwa dawa
- Daftari gumu na kalamu iliyofungwa kwa uzi

Kuhusu godoro: lile jembamba lililobonyea katikati ndilo linalozaa vidonda. Kama mchango wenu unatosha kitu kimoja tu kikubwa, nunueni godoro la haidensiti (sponji nzito) la inchi 6. Acheni kikapu cha matunda.

## 1. Tumeni watu wawili, si thelathini

Ziara ya kwanza ni ya kuuliza. Waende wawili, mmoja wa jinsia ya mgonjwa, bila gitaa na bila simu ya kupiga picha. Waketi na mgonjwa mwenyewe kwanza, hata kama ulimi umekuwa mzito, kisha na yule anayelala naye chumba kimoja.

Waulize: Usiku unaamka mara ngapi? Ni kazi gani inakushinda? Nani hatakiwi kumwogesha? Daktari amekataza nini? Dawa ziko wapi na huliwa saa ngapi?

Swali la "nani hatakiwi" lisirukwe. Kwa Waluo na Waluhya wengi, heshima ya wakwe ni ukuta. Mke wa mwana hawezi kumvua nguo baba mkwe wake, na mkwe wa kiume hakaribii kitanda cha mama mkwe. Mara nyingi mzee hukaa na uchafu tangu asubuhi mpaka jioni si kwa sababu amechukiwa, bali kwa sababu aliye nyumbani ni mkaza mwana, na wote wawili wanaona aibu kusema. Hapo ndipo mtu wa kanisa, asiye mkwe wa mtu, ana kazi ambayo hata pesa hainunui. Wanaume waogeshe wanaume. Mwanamume anayesema hiyo ni kazi ya akina mama basi achote maji, lakini ajue amekwepa.

Ombeni ruhusa waziwazi: "Tungependa kuja kila siku kwa wiki sita. Mtatukubalia tufanye nini, na nini mngependa tusiguse?" Mkikataliwa jambo, liacheni.

Mmefaulu ikiwa mmetoka na orodha ya kazi tatu hadi tano zilizotajwa na familia yenyewe. Mkitoka na "wanahitaji maombi na msaada", rudini mkaulize tena.

## 2. Pangeni zamu kwa hesabu, si kwa moyo

Moyo huwaka Jumapili na kuzima Jumatano. Hesabu ni hii: asubuhi saa moja hadi saa tatu watu wawili, mchana saa sita hadi saa nane mmoja, jioni saa kumi na moja hadi saa moja wawili. Ni watu watano kwa siku, nafasi 35 kwa wiki. Mkiwa 12, kumi na mmoja wanachukua zamu tatu kila mmoja, na wa mwisho, ambaye ni msimamizi, anachukua mbili na kushika daftari.

Zamu inayokosa watu kuliko zote ni ya Jumapili asubuhi. Kila mtu yuko ibadani, na mgonjwa amelala kwenye shuka la jana. Wekeni wawili wasiohudhuria ibada ya kwanza, kwa mzunguko, na mchungaji awataje mimbarani kama watu walio kazini, si kama watoro.

Asiyeweza kufika atafute mwenyewe wa kubadilishana naye kabla ya saa mbili usiku wa kuamkia zamu. Kumpigia msimamizi na kusema "nimepata dharura" hakuhesabiwi.

Kipindi kiwe wiki sita, kisha mpime upya. Mkiahidi "mpaka apone" mtachoka na kutoroka kimyakimya, na kutoroka huko kunaumiza kuliko kutokuja kabisa.

## 3. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili

Hii ndiyo kazi kuu. Mfupa unapokandamiza nyama dhidi ya godoro kwa muda mrefu, damu haipiti, na nyama hufa kutokea ndani kuja nje. Ndiyo maana kidonda kinachoonekana kidogo juu huwa shimo chini.

Hatua za kugeuza upande wa kushoto wa mgonjwa:

1. Tandikeni leso iliyokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabega hadi mapaja. Hiyo ndiyo ya kusogezea.
2. Simameni wawili, mmoja kila upande, mshike leso karibu na mwili, mhesabu hadi tatu, mmnyanyue na kumsogeza kuelekea ukingo wa kulia. Msimburute: ngozi iliyokwaruzwa na shuka hupasuka.
3. Mwekeeni mkono wa kulia kifuani, kunjeni goti la kulia.
4. Aliye upande wa kushoto aweke kiganja kimoja kwenye bega la mbali na kingine kwenye nyonga ya mbali, amviringishe taratibu kuja kwake.
5. Mto mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti, mmoja wa kuegemeza mkono. Asilale juu ya mfupa wa nyonga wima kabisa. Ainamie nyuma kidogo, kama nyuzi 30.
6. Akilala chali, wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani.

Kwa aliyepooza upande mmoja, kamwe msivute mkono uliolegea. Misuli ya kulishikilia bega lake imelegea, linateguka kwa mvuto mmoja wa haraka. Kosa hili hufanywa na watu wenye upendo mwingi na haraka nyingi.

Kila mnapogeuza, kagueni: chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko, mabega, kisogo. Kwenye ngozi nyeusi msingoje wekundu. Guseni kwa nyuma ya kiganja: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au palaini kama ndizi iliyoiva sana? Pameingia rangi ya zambarau? Mkipata hivyo, asilalie sehemu hiyo kabisa mpaka itulie, na msiisugue. Kusugua panapoumia kunachana mishipa midogo iliyobaki. Na lile pete la kitambaa ambalo watu husokota na kumkalisha mgonjwa juu yake, litupeni: linazuia damu kwa duara zima badala ya sehemu moja.

Andikeni kwenye daftari: saa, upande, aliyegeuza. "Saa 3, kushoto, ngozi nzuri." Mistari hiyo ndiyo ushahidi kwamba kazi imefanyika.

Kati ya zamu na usiku, familia ndiyo itakayogeuza. Kwa hiyo wiki ya kwanza nusu ya kazi yenu ni kufundisha. Mwenye nyumba afanye huku ninyi mkitazama, si kinyume chake.

Mmefaulu ikiwa wiki ya nne imeisha na ngozi haijapasuka popote.

## 4. Kuogesha kitandani bila kumvunjia heshima

Tayarisheni kila kitu kabla ya kumfunua. Maji ya kuoga ni lita 10 hivi, na ya kufua shuka ni mtungi mmoja au miwili. Kwenye mitaa ya Nyalenda ambako maji hununuliwa kwa mtungi, familia inaweza kupunguza kumwogesha ili ibaki na maji ya kupikia, bila kuwaambia ninyi. Mitungi mitatu iliyojaa mlangoni ni tendo lisilohitaji maelezo.

Pimeni joto la maji kwa kiwiko. Mgonjwa aliyepooza anaweza asihisi kuungua.

Utaratibu: macho kwanza, kwa maji matupu, kutoka pembe ya pua kwenda nje, kisha uso, mikono, kwapa, kifua, tumbo, miguu. Badilisheni maji, osheni mgongo. Mwisho, kwa beseni ya pili na glavu mpya, sehemu za siri. Kwa mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma, vinginevyo mnaingiza vijidudu kwenye njia ya mkojo. Sehemu inayooshwa tu ndiyo iwe wazi, mwili uliobaki ufunikwe.

Kausheni kwa kugandamiza taulo, hasa katikati ya vidole, chini ya matiti na kwenye mikunjo. Kisumu kwenye joto, jasho hulainisha ngozi ikachubuka. Molo na Njoro shida ni baridi. Msiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika kumi. Moshi wake usioonekana huua, na aliyelala hawezi kuukimbia.

Kama amewekewa mrija wa mkojo, mfuko ukae chini kuliko kibofu muda wote, hata mnapomgeuza, na usiguse sakafu. Umwageni ukifika theluthi mbili.

Palipomwagika kinyesi, damu au mkojo: vaa glavu, futa, kisha mwagia mchanganyiko wa Jik. Ikiwa chupa inasema asilimia 3.5, ni kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Achia dakika kumi, futa tena. Mchanganyiko huo ni wa sakafu na ndoo, si wa kidonda wala ngozi.

## 5. Kulisha: polepole, akiwa ameketi

Nimonia ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa wa kiharusi, na chakula kikipita njia ya hewa ni mlango mmojawapo. Kwa hiyo:

- Aketi wima, mito mgongoni, kidevu kikiinama kidogo. Asilishwe akiwa amelala, hata maji ya dawa.
- Nusu kijiko cha chai kwa wakati mmoja. Ngojeni mmezo uonekane kooni kabla ya kingine.
- Vitu vyepesi kama maji, chai na uji mwembamba ndivyo hupalia zaidi. Uji wa wimbi uwe mzito wa kushikamana na kijiko.
- Samaki atolewe miiba kwa vidole, si kwa macho. Omena isagwe.
- Mkimaliza, angalieni shavu la upande uliopooza. Chakula hujificha humo.
- Abaki ameketi dakika 30.

Akikohoa, sauti ikigeuka kama ya mtu anayeongea na maji kooni, au macho yakitoa machozi anapomeza, simamisheni kabisa na mwulizeni mhudumu wa afya. Msimlazimishe "kidogo tu kwa jina la Yesu".

Maji ya siku nzima yafike lita moja na nusu, isipokuwa daktari amepunguza kwa sababu ya moyo au figo. Akiharisha na anameza vizuri: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, pimeni, msikisie. Siku tatu bila choo, ripotini.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, hata kama hana jino. Mdomo mchafu ni chanzo kingine cha nimonia, na pia ndio sababu wageni husimama mbali naye.

## 6. Dawa na karatasi

Dawa za presha, kisukari au ARV zisikatwe na mtu yeyote wa kanisa, awe mzee, nabii au askofu. Mtu akisema "ameshaponywa, aache vidonge", msimamizi amtoe kwenye zamu siku hiyo hiyo. Hili halina mjadala.

Karatasi pia ni upendo, ingawa hakuna anayeimba akiijaza. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa. Huanzia *147# au kwa wakala, akiwa na kitambulisho. Asiye na mshahara hupimwa hali ya maisha na hulipa kwa mwaka, kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mchango wenu wa kwanza ukilipa hiyo, umefanya kazi kubwa kuliko debe la mahindi. Kama ana miaka 70 au zaidi, mwulizeni chifu kuhusu Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, ambayo ni shilingi 2,000 kwa mwezi.

Mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho. Nyumba hiyo iko kwenye orodha yake. Kwa maumivu ya saratani au ugonjwa usiopona, Kisumu na Nakuru zina hospisi, vituo vya kuwatuliza wagonjwa wa aina hiyo, na wahudumu wake wanajua kutumia mofini ya kunywa. Kumwambia mtu avumilie maumivu ambayo yana dawa si imani.

Mpelekeni hospitali bila kungoja zamu ijayo akipata: homa, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kidonda chenye harufu au nyama nyeusi, kutokojoa kwa muda wa saa 12, kuchanganyikiwa ghafla, au udhaifu mpya upande wowote. Wekeni namba ya dereva wa probox au teksi ukurasa wa kwanza wa daftari. Bodaboda haifai kwa mtu asiyeweza kujishika.

## 7. Pesa na picha

Pesa ishikwe na mmoja, iandikwe na mwingine. Bili ilipwe moja kwa moja kwenye paybill (namba ya malipo kwa simu) ya hospitali. Msimkabidhi mgonjwa bahasha mbele ya watu kisha mmwombe ashukuru.

Hakuna picha. Wala ya "kutia moyo washiriki" kwenye kikundi cha WhatsApp. Mama aliyekuwa kiongozi wa kwaya hataki kuonekana na mdomo umepinda. Na ugonjwa wake usigeuzwe kuwa ombi la maombi lenye maelezo yote. Jina na "tunaendelea naye" vinatosha.

## 8. Maneno, yakibaki ya kusemwa

Kazi ikiisha, mwulize: "Tuombe, au upumzike?" Akitaka, ombeni kwa dakika mbili tatu, mkiwa mmekaa, mkono wake mkononi. Asiyeweza kusema anaweza kubana vidole.

Yasiyosemwa chumbani: nani amemroga, dhambi gani haijatubiwa, imani yake ni haba. Masikio ya aliyepooza mara nyingi yako mazima kabisa.

Na mwachieni akupeni kitu. Akitaka mnywe chai yake, kunyweni. Anayepokea tu kila siku huanza kujiona mzigo, na mtaona anaanza kukataa kula.

## 9. Mwisho wa zamu

Wiki ya sita, kaeni na familia na daftari. Kama anaketi mwenyewe, punguzeni hadi zamu moja kwa siku. Kama binti amerudi shule na jirani amejifunza kugeuza, mmeshinda zaidi ya mlivyopanga.

Kama amefariki, huku kwetu matanga hayakosi watu: hema, viti na sufuria vitafika vyenyewe. Ninyi wekeni nguvu zenu kwenye wiki ya tatu baada ya mazishi, watu wakishaondoka. Wawili waende saa moja asubuhi, saa ile ile ya zamu, wamkute aliyekuwa akimtunza. Mwili wake bado unaamka kila baada ya saa mbili usiku.

Siku hiyo ndiyo ya kuchukua vifaa, familia ikiridhia. Shuka zichemshwe, nailoni ioshwe kwa sabuni kisha mchanganyiko wa Jik na ianikwe kivulini, kwani jua huifanya ipasuke. Chandarua kibaki nyumbani. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andikeni kilichopungua: glavu, mto mmoja, beseni lililopasuka. Kisha funganyeni vilivyobaki kwenye gunia moja, lisubiri kwa msimamizi.